Adrian Atiman: Mtumwa aliyesomea tiba Malta, akawa tabibu wa Karema kwa miaka 67

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi hubaki na mjadala. Kijana amefaulu Baiolojia na Kemia, anataka kwenda chuo kikuu kusoma sayansi ya viumbe hai. Baba anauliza kazi iko wapi. Mama anasema afadhali asome udaktari. Bibi naye anauliza mjukuu akishamaliza hiyo shahada, atamtibu miguu inayomuuma au hatamtibu?

Upande wa pili yuko mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la zahanati. Ametolewa damu kwenye kidole, anasubiri majibu. Hajui kwa nini apimwe wakati homa yake anaijua tangu utotoni.

Wiki hii tutazungumza na wote hao kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeingia magharibi mwa nchi yetu kwa njia ya misafara, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Hakuwa Mzungu, wala hakuzaliwa Tanzania. Alikuwa Mwafrika aliyewahi kuuzwa kama mbuzi, kisha akasomea utabibu Ulaya, akaja kutibu watu kando ya Ziwa Tanganyika mpaka alipokufa. Jina lake ni Adrian Atiman.

Mtoto wa kando ya mto Niger

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akatenganishwa na wazazi wake na kuvushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Hakuwaona tena wazazi wake.

Katika miaka ya 1870 alikombolewa na wamisionari Wakatoliki wa shirika lililoanzishwa Algeria mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Hawa ndio Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu wa Tabora, Karema na Mwanza waliwazoea kwa jina la White Fathers. Kukombolewa huko kulikuwa ni kununuliwa kwa fedha ili aachwe huru. Akapelekwa shule.

Lavigerie alikuwa na wazo lililokuwa geni kwa zama zile. Aliona wamisionari wa Ulaya wakifika Afrika na kufa kwa homa kabla hawajafanya kazi. Akaona pia kwamba mtu anayeweza kutibu hufunguliwa mlango kila kijiji, awe wa dini yoyote. Basi akaamua vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani wasomeshwe utabibu kikamilifu, kisha warudi kuishi barani kwao kama Waafrika, wafundishe dini na kuponya wagonjwa. Mwaka 1881 alifungua nyumba ya vijana hao katika kisiwa cha Malta. Atiman alikuwa mmoja wao, akiwa na umri wa miaka kama 15.

Darasani Malta

Chuo Kikuu cha Malta kina mizizi tangu mwaka 1592, na mafunzo ya anatomia na upasuaji yalianza katika hospitali kuu ya kisiwa hicho mwaka 1676. Lugha ya wasomi wa Malta wakati ule ilikuwa Kiitaliano. Hebu mfikirie kijana aliyezaliwa kando ya mto Niger, akapita Kiarabu na Kifaransa njiani, sasa anatakiwa kujifunza mifupa ya binadamu katika nchi ya lugha nyingine tena. Mzazi ambaye mwanawe analalamika kwamba Baiolojia ina maneno magumu, hapa ana la kumwambia.

Kipindi ambacho Atiman alikuwa Malta kilikuwa cha pekee katika sayansi ya uhai. Dunia ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kukubali kwamba magonjwa mengi husababishwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliona vimelea vya malaria kwenye damu ya mgonjwa kwa kutumia hadubini. Alikuwa Algeria, nchi ileile ambako Atiman alikombolewa.

Na mwaka 1887, Atiman akiwa bado mwanafunzi, daktari Mwingereza David Bruce aligundua palepale Malta bakteria wa homa iliyokuwa inawatesa askari na wenyeji wa kisiwa. Ilikuwa homa ya kupanda na kushuka, jasho jingi usiku na maumivu ya viungo yasiyokwisha. Waliiita homa ya Malta. Hakuna aliyejua inatoka wapi.

Jibu lilipatikana mwaka 1905. Mmalta mmoja, Themistocles Zammit, aliyesomea utabibu katika chuo hicho miaka hiyohiyo ya Atiman, alipima damu za mbuzi waliokuwa wakikamuliwa mitaani. Mbuzi walionekana wazima kabisa, lakini walikuwa wamebeba bakteria. Homa ilikuwa inaingia kwa maziwa mabichi. Askari walipokatazwa maziwa ya mbuzi, wagonjwa walipungua ghafla. Ugonjwa huo leo tunauita bruselosi, na mifugo yetu inao. Tutaurudia.

Mwaka 1888 Atiman alimaliza masomo yake, akiwa na miaka kama 22. Akapanda meli kuja Zanzibar.

Kwa mguu hadi Unyanyembe

Wakati huo hapakuwa na reli. Treni ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1888 mtu aliyetaka kwenda Ziwa Tanganyika alijiunga na msafara wa wapagazi, akatembea. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe, yaani Tabora. Hapo ilikuwa njia panda ya nchi nzima. Mmoja alikwenda Ujiji, mwingine akashika njia ya kaskazini kuelekea Ziwa Victoria, mwingine akakata kusini-magharibi kwenda Karema. Henry Morton Stanley, ambaye alijulikana kwa kuwaharakisha watu wake, alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Tabora mwaka 1871.

Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, nguo, chumvi, shanga na watumwa. Ilipitisha magonjwa pia. Ndui ilisafiri na misafara na kuacha maiti kandokando ya njia. Kuhara damu kulifuata visima vichafu. Funza waliokuja kwa meli pwani ya Angola mwaka 1872 walivuka bara zima kwa miguu ya wapagazi, na kabla karne haijaisha walikuwa wamefika pwani yetu ya mashariki. Na ndani ya vibanda walimolala wasafiri, kwenye nyufa za sakafu ya udongo, waliishi papasi, wanaouma usiku na kuambukiza homa inayokwenda na kurudi.

Wasafiri maarufu hawakusalimika. Burton na Speke walipita Tabora mwaka 1857. Hawakufika mbali baada ya hapo, mmoja akawa habebeki kwa miguu yake na mwingine macho yakaingia giza. David Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa daktari aliyesomea Glasgow, lakini mwaka 1867 sanduku lake la dawa liliibwa, na tangu hapo mwili wake ulikwenda ukidhoofu. Urambo, kwa mtemi Mirambo, alikuwako daktari wa misheni aliyeitwa Southon. Mwaka 1882 alipigwa risasi ya mkono kwa bahati mbaya, mkono ukakatwa, akafariki. Tabibu peke yake, bila dawa na bila mwenzake wa kumtibu, hana nguvu kubwa.

Atiman alipopita nchi hii haikuwa na utulivu. Pwani vita vya Abushiri vilizuka mwaka huohuo wa 1888. Tabora alitawala Isike, mtemi wa Unyanyembe, ambaye hakuwapenda wageni wa Ulaya na ambaye mwaka 1893 alichagua kulipua baruti ndani ya boma lake kuliko kukamatwa na Wajerumani. Kijana Atiman akaendelea na safari, na mapema mwaka 1889 akafika Karema.

Tabibu wa Karema

Karema iko kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, leo katika Mkoa wa Katavi. Kituo kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, wakawakabidhi wamisionari mwaka 1885. Wengi wa waliokaa hapo walikuwa watu waliokombolewa utumwani au waliokimbia wavamizi. Watoto wasiojua kwao, wanawake waliopoteza waume, wanaume wenye makovu ya minyororo. Tabibu waliyeletewa alikuwa mtu aliyeyapitia yaleyale. Hakuhitaji kuelezwa maana ya mtoto kuvutwa mikononi mwa mama yake.

Atiman hakukaa pembeni kama mgeni. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, watu wa eneo hilo. Mtoto wao Joseph akaja kuwa padri. Akawa mtu wa nyumbani, na hilo lilimsaidia kama tabibu. Mgonjwa humweleza ukweli mtu anayemfahamu.

Alitibu homa, vidonda na mifupa iliyovunjika, akafanya na upasuaji. Alitibu wenyeji na wamisionari, na sifa zake zikaenea pande zote za ziwa. Pamoja na dawa za Ulaya, alijifunza pia mitishamba ya wenyeji. Serikali zilibadilika mbele ya macho yake. Wajerumani walikuja, vita ya kwanza ya dunia ikapita, Waingereza wakashika nchi. Yeye alibaki Karema. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyaandika mwenyewe. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka kama 90, baada ya kutumikia kituo hichohicho kwa miaka 67.

Elimu isiyokoma

Tuangalie sasa jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya. Mtu aliyehitimu utabibu mwaka 1888 alijua kwamba kwinini hushusha homa ya malaria, maana dawa hiyo ilitenganishwa kutoka ganda la mti wa sinkona mwaka 1820. Lakini hakujua malaria inaletwa na mbu. Hilo lilithibitishwa na Ronald Ross nchini India mwaka 1897, miaka minane baada ya Atiman kufika Karema.

Hakujua ugonjwa wa malale unasababishwa na nini. Hilo lilibainika Entebbe, Uganda, kati ya mwaka 1902 na 1903, na tena David Bruce yuleyule wa Malta akiwamo. Hakujua papasi ndio wanaoleta ile homa ya kurudiarudia. Hilo lilithibitishwa mwaka 1904 na 1905. Robert Koch aliwachunguza papasi hapahapa kwetu, katika vibanda vya njia za misafara. Upande wa Kongo, Joseph Dutton alikuwa akichunguza jambo hilohilo. Ugonjwa aliokuwa akiutafiti ukamshika, naye akafariki Kasongo mwezi Februari 1905.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunayoyajua leo kuhusu homa za magharibi mwa Tanzania iligunduliwa baada ya Atiman kutoka darasani. Waliogundua hawakuwa wote wa kukaa na mgonjwa na kuandika dawa. Kazi yao ilikuwa kuchunguza damu, kupe, mbu, mbung'o na mbuzi. Kwa lugha ya leo, walifanya kazi ya mwanabaiolojia. Tabibu bila mwanabaiolojia hutibu kwa kubahatisha. Mwanabaiolojia bila tabibu hubaki na majibu kwenye daftari.

Kwa mgonjwa: si kila homa ni malaria

Ukiwa Tabora, Urambo, Kaliua, Sikonge au kandokando ya ziwa, ukipata homa kimbilia kupima. Kipimo cha malaria hutoa majibu kwa muda mfupi. Kama kipo, utapewa dawa, uimalize dozi. Kama hakipo, usimlazimishe mhudumu akupe dawa ya malaria. Homa yako ina jina lingine na inatakiwa itafutwe.

Msaidie anayekuhudumia kwa kumweleza mambo haya bila kuulizwa:

Kwanza, maziwa. Kama unakunywa maziwa mabichi, au unasaidia ng'ombe na mbuzi kuzaa, au mifugo yako imekuwa ikitupa mimba, sema. Homa ya kupanda na kushuka kwa wiki kadhaa, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo vinaweza kuwa bruselosi. Inatibika, lakini dozi yake ni ndefu, wiki kadhaa, na haipaswi kukatishwa. Kinga yake ni ileile iliyopatikana Malta mwaka 1905. Chemsha maziwa kabla ya kunywa, hata kama ng'ombe anaonekana mzima.

Pili, msitu. Warina asali, wawindaji, wachoma mkaa na wachungaji wanaoingia miombo yenye mbung'o waseme hivyo. Malale ya upande wetu huenda haraka, na bila matibabu huua ndani ya wiki au miezi. Huanza kwa homa, kichwa kuuma na wakati mwingine kidonda pale ulipoumwa. Usingizi wa ovyo na kuchanganyikiwa huja baadaye, wakati ubongo umeshaingiliwa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake Tabora.

Tatu, mahali ulipolala. Kama ulilala kwenye nyumba kuukuu ya sakafu ya udongo, na homa inakuja siku chache, inaondoka kama imepona, kisha inarudi, mtajie papasi. Homa hiyo inatibika kwa dawa za kuua bakteria.

Na kwa mtoto mdogo, usisubiri kuhesabu siku. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.

Kwa mzazi: shahada ya baiolojia ni nini?

Turudi kwenye mjadala wa nyumbani. Shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe hai kwa kawaida ni ya miaka mitatu. Mwanafunzi husoma seli, jenetiki, mimea, wanyama, vijidudu, mazingira na takwimu, na hutumia saa nyingi maabara na nje porini. Mhitimu anaweza kwenda kwenye utafiti wa magonjwa, ualimu, hifadhi ya wanyamapori, usalama wa chakula, kilimo au viwanda, au akaendelea na shahada ya uzamili katika fani moja.

Udaktari wa binadamu ni safari nyingine. Ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na kusajiliwa kabla ya kutibu. Na anayetaka kupima damu za wagonjwa hospitalini asome sayansi ya maabara za afya, ambayo nayo ina usajili wake. Mhitimu wa baiolojia hawezi kufungua chumba akaanza kuandika dawa, na mwenye tangazo barabarani la kutibu magonjwa yote kwa siku saba hana shahada yoyote inayofundisha hivyo.

Kijana wa tahasusi ya PCB milango yote hiyo iko mbele yake, akipata alama zinazotakiwa. Wa CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, ana nafasi nyingi katika sayansi za viumbe na mazingira, ila aulize mapema sifa za kila kozi, hasa udaktari. Afanye hivyo kabla ya kujaza fomu. Akishachaguliwa kozi isiyo yake, kuhama ni taabu.

Usimbeze mwanao akichagua baiolojia badala ya udaktari. Ile damu uliyotolewa kwenye kidole inasomeka kwa sababu watu walikaa miaka mingi wakiangalia vimelea, mbu na papasi. Wala usimsukume kwenye udaktari mtoto asiyeweza kukaa na mtu anayelia. Atiman alisoma miaka mingi, lakini kilichomweka Karema kwa miaka 67 ni kwamba aliwajua watu wake, akakaa nao, wala hakuihama kazi.

Wanafunzi wetu hawatembei tena kutoka Bagamoyo. Lakini bado wapo wagonjwa wanaosafiri mwendo mrefu kufuata kipimo kimoja, na bado homa zinaitwa malaria kabla hazijapimwa. Mwanao akisoma sayansi hii vizuri, akakubali kwenda kufanya kazi mbali na mjini, kuna zahanati inamsubiri.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumzia utunzaji wa maziwa nyumbani kuanzia kukamua hadi mezani.